Sheria ya kulinda stima imfuate pia anayenunua

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie hii mambo ya kubadilisha sheria za kulinda mitambo ya taifa, yaani stima, reli, maji, milingoti ya simu na kadhalika. Kila mara kitu kikiharibiwa wakubwa wanatokea kwa tivii wakisema adhabu iongezwe, na mimi sipingi adhabu, lakini ukiangalia vile huu wizi unaendeshwa utaona tumekazana na mtu wa chini kabisa.

Huku kwetu transfoma ilitolewa oili usiku. Wengi hawajui ile oili ndiyo inapoza koili na kuzuia moto usiruke ndani, ikitolewa transfoma inapata joto mpaka inaungua, basi, imekwisha. Mwizi ameuza mitungi yake, sisi nasi tuko giza, mashine ya kusaga imefungwa, maziwa ya jioni yanamwagwa, dispensari inabeba chanjo kwa bodaboda kutafuta friji kwingine. Kopa, yaani shaba iliyo ndani ya nyaya, nayo haifichwi sana. Nyaya zinachomwa usiku plastiki itoke, harufu inajaa mtaa mzima, asubuhi gunia liko kwa mizani ya mnunuzi wa skrapu, yaani vyuma chakavu, pesa taslimu mkononi, hakuna jina wala risiti. Kijana aliyepanda kule juu angeweza kufa na alichopata ni hela ya siku mbili tatu, faida yenyewe iko kwa aliyenunua na kwa mwenye tanuri ya kuyeyusha.

Hapa Kenya Sheria ya Vyuma Chakavu tunayo tangu 2015, inataka leseni na rekodi, hata baraza la kusimamia hiyo biashara liliundwa. Lakini 11 Januari 2022 nchi ikaingia giza baada ya milingoti ya laini ya stima ya Kiambere–Embakasi kuanguka pale Imara Daima, Nairobi, serikali ikasema ni uharibifu, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya skrapu. Mama anayeokota mikebe akalala njaa kwa makosa ya wengine, ikifika Mei biashara ikafunguliwa tena. Tulifunga soko zima kwa sababu hatukuwa tumemfuata mnunuzi mmoja mmoja.

Afrika Kusini walipandisha kifungo hadi miaka 30 kwa sheria ya 2015, na bado nyaya za reli na stima ziliendelea kung'olewa mpaka mwisho wa 2022 wakasimamisha kuuza vyuma chakavu nje ya nchi. Uingereza wao kwa sheria ya 2013 walikataza kabisa kulipia skrapu kwa pesa taslimu, muuzaji lazima ajulikane ni nani na anaishi wapi. Sisi tuna M-Pesa kila kona ya nchi, kwani ni nini kinatuzuia? Kila kilo ya kopa na alumini ilipiwe kwa simu, kitambulisho kiandikwe, picha ya mzigo ipigwe, na mnunuzi akikutwa na waya ambao hawezi kueleza ulitoka wapi leseni iende na yeye ashtakiwe sawa na aliyeukata.

Halafu kuna wa ndani. Mtu kukata laini kubwa na asichomwe, mara nyingi anajua saa ipi imezimwa. Sheria iwe kali kwa fundi anayeuza hiyo siri, na imlinde mwenzake anayemripoti. Pia wanaosimamia mitambo wawajibike, maana vyuma vya kushikilia mlingoti hutolewa kimoja kimoja, mtu akipita pale mara kwa mara ataona. Na si wizi tu, ile siku ya 25 Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima na jenereta ya JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ikakataa kuwaka, abiria wakakaa gizani uwanja mkubwa kama ule. Kujaribu jenereta na kuandika matokeo liwe sharti la kisheria.

Nina hofu moja kuhusu hizi sheria, nayo ni siri. Afrika Kusini walikuwa na sheria ya 1980 ya maeneo muhimu ya taifa, na ikatumika kuficha habari za pesa za umma zilizojenga boma la Rais Jacob Zuma kule Nkandla. Sheria yetu isimnyamazishe mwandishi anayeuliza transfoma zilinunuliwa bei gani.

Mgodi wa shaba wa Macalder kule Migori ulifungwa zamani na hatuna mwingine mkubwa, kwa hivyo kopa ya tanuri zetu haichimbwi hapa. Basi kabla wabunge hawajapigia kura kifungo kingine kirefu, kamati yao iwaite wenye tanuri, wafungue vitabu mbele ya kamera, waulizwe kopa wanayoyeyusha kila mwezi wameinunua kwa nani.

Msomaji wenu,
Nakuru