Mama akivunjika mkono, asiishie kufungwa plasta ngumu (POP)

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee akina mama waliokwisha kukoma hedhi. Hapa Dar es Salaam, iwe Kariakoo au Mbagala, mama akilalamikia magoti, jirani humwelekeza duka la dawa akanunue vitamini D, eti aimarishe mifupa. Kopo likiisha, hununua jingine. Maumivu ya magoti mara nyingi ni ya viungo. Mfupa unaodhoofika hauumi mpaka siku unapovunjika.

Kinachoila mifupa umri huo ni kupungua kwa homoni ya estrojeni, iliyokuwa ikizuia mfupa usiliwe haraka kuliko unavyojengwa. Ikishuka, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya ujazo wa mifupa yake ndani ya miaka mitano hadi saba. Vitamini D husaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Nafasi ya estrojeni haiichukui. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani wa watu zaidi ya 25,000: waliomeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku hawakuepuka kuvunjika mifupa kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Na nchini Australia, wanawake wazee waliopewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka walianguka na kuvunjika zaidi ya wenzao.

Wapo wanaoihitaji kweli. Mama anayeshinda ndani, anayejifunika mwili wote kila atokapo, au mwenye ugonjwa wa figo, anaweza kupungukiwa hata kwa jua hili letu. Huyo apimwe, apewe kiasi chake.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mama wa miaka 58 anateleza bafuni, anavunjika mkono, anafungwa POP, anaambiwa arudi baada ya wiki sita. Basi! Hakuna anayejiuliza kwa nini mfupa umekatika kwa kuanguka kudogo namna ile, wakati dawa za kuupunguzia mwili kasi ya kula mfupa zipo, na nyonga ndiyo inayoweza kufuata.

Madaktari wetu, nawaombeni: kabla mama huyo hajaondoka, muulizeni hedhi ilikoma lini, kama mzazi wake aliwahi kuvunjika nyonga, kama ametumia prednisolone (dawa ya steroidi inayodhoofisha mifupa) kwa muda mrefu. Kisha mwandikieni kipimo cha ujazo wa mifupa, na mwelezeni kwa Kiswahili kinachoeleweka ni cha nini.

Muuguzi mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam