Dakika Moja Isimfunge Mtoto Maisha: Barua ya Wazi kwa Rais wa FIFA

Kwako Bwana Gianni Infantino,

Salamu. Nakuandikia kuhusu sheria ya mchezaji kuhama timu ya taifa moja kwenda nyingine. Tarehe 11 Juni 2016, mjini Lens, Ufaransa, mama mmoja aliketi jukwaani kavaa fulana ya nusu kwa nusu: huku Uswisi, huku Albania. Wanawe wawili walikuwa uwanjani. Granit Xhaka alivaa jezi ya Uswisi, kaka yake Taulant ya Albania. Wote wamezaliwa Basel, wote wamelelewa na timu za vijana za Uswisi. Bao la Fabian Schär la dakika ya 5 lilimchekesha mmoja na kumnunisha mwenzake, na mechi ikaisha 1-0. Fulana ya mama ilikuwa imeshajiandaa kwa lolote.

Nakukumbusha hayo kwa sababu mechi ile isingewakutanisha ndugu hao bila kalamu ya ofisi unayoiongoza sasa. Kabla ya 2009, kijana aliyekwisha kuchezea timu za vijana za nchi moja kwenye mashindano rasmi alikuwa na nafasi ya kuhamia nyingine mpaka anapofikisha miaka 21, basi. Mwaka huo Mkutano Mkuu wa FIFA uliofanyika Nassau, Bahamas, ukafuta kikomo hicho. Taulant, mzaliwa wa Machi 1991, alihamia Albania akiwa ameshakivuka. Kevin-Prince Boateng naye, mtoto wa Berlin aliyepitia timu za vijana za Ujerumani, alikuwa na miaka 22 mlango ulipofunguliwa. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Juni 2010, akiwa na Ghana, alipambana jijini Johannesburg na Jérôme, ndugu yake wa baba mmoja. Kombe la Dunia lilikuwa halijawahi kuona ndugu wakikabana vile. Ujerumani walishinda 1-0, lakini timu zote mbili zikavuka makundi.

Septemba 2020, wewe ukiwa madarakani, mkalegeza tena. Sasa hata aliyecheza timu ya wakubwa anaweza kuhama, ilimradi hakuzidisha mechi tatu, hakuwa amefikisha miaka 21 alipocheza ya mwisho, na miaka mitatu imepita. Hapo niliwapigia makofi. Ila mkaacha mfupa kooni: aliyegusa nyasi za fainali za Kombe la Dunia, au za bara lake, hahami kamwe.

Hebu tuchukue mapacha wenye miaka 19, tuwaite Kulwa na Doto, wenye uraia wa nchi ya baba na wa nchi ya mama tangu kuzaliwa. Wote wameitwa na nchi ya baba. Kulwa anaanza mechi tatu za kufuzu, anacheza dakika zote 270, anafunga, anabebwa mabegani. Kisha anaumia, fainali zinampita. Doto ndiye anayesafiri. Siku zote yuko benchi, hadi mechi ya mwisho ya makundi, timu ikiwa mbele kwa mabao manne, kocha anamwonea huruma na kumwingiza dakika ya 89. Anagusa mpira mara mbili, moja ikiwa ya kurusha. Baada ya hapo hakuna anayewaita tena. Miaka mitatu ikipita, Kulwa ana ruhusa ya kuomba kwenda kwa mama. Doto ndiyo imetoka.

Niambie, kati ya hao wawili nani aliitumikia zaidi nchi ya baba?

Najua hofu yenu: nchi zitavutana wachezaji kama klabu dirisha la usajili likikaribia kufungwa. Ni hofu ya haki, ndiyo maana sikuombi ubomoe ukuta. Sharti la kuwa na uraia wa nchi ya pili kabla ya kuichezea ya kwanza libaki. Mechi tatu zibaki, umri ubaki, kusubiri miaka mitatu kubaki. Ninachoomba ni mechi ya fainali za Kombe la Dunia au za bara ihesabiwe kama mechi nyingine yoyote ndani ya zile tatu. Ni kufuta kifungu kimoja tu.

Na msidhani kila ndugu anayekwenda upande wa pili amefuata ulaji. Steve na Parfait Mandanda wote ni makipa, wote wamezaliwa Kinshasa. Mmoja akadakia Ufaransa, mwingine Kongo. Mapacha wa akina Pogba walizaliwa Conakry wakaichezea Guinea, mdogo wao Paul akazaliwa Ufaransa na kuipa Kombe la Dunia 2018. Iñaki Williams aliichezea Hispania mechi moja ya kirafiki mwezi Mei 2016, kisha akaachwa nje ya kikosi cha Euro, fainali za bara la Ulaya. Kwa kuwa ile ilikuwa ya kirafiki tu, mwaka 2022 alikwenda Kombe la Dunia la Qatar na Ghana, huku mdogo wake Nico akiwa hukohuko na Hispania. Kuachwa siku ile ndiko kulikomwokoa. Mambo mazito kama haya hayafai kutegemea kocha kaamkaje.

Wewe mwenyewe ulizaliwa Brig, Uswisi, kwa wazazi Waitaliano. Ungejaliwa kipaji cha kusakata kabumbu (uniwie radhi kwa utani), simu zingekuita kutoka pande mbili, na pande zote mbili zingekuwa kwenu.

Peleka kifungu hicho kwenye Mkutano Mkuu ujao, wanachama wakipigie kura.

Wako,
Mpenzi wa soka