Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji kuhusu huduma za mitaa mikongwe

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mipango Miji,

YAH: PENDEKEZO LA KUHAMISHA HUDUMA NDOGO KUTOKA MITAA MIKONGWE

Mheshimiwa, ninakuandikia kwa heshima, nikiwa mkazi wa mmojawapo wa mitaa ile ya katikati ya jiji ambayo nyumba zake zimesongamana, miti yake imekwishapita mapaa, na mgeni akikatiza mchana hudhani wenyeji wote wamesafiri. Kwa mujibu wa pendekezo lililo mezani kwako, kituo cha basi kilicho ndani ya mtaa kitaondolewa, zahanati ndogo na dirisha la kulipia ankara vitahamishiwa kwenye jengo moja kubwa kando ya barabara kuu, na njia ya ndani itafunguliwa ili magari yanayokwepa foleni yapate pa kupita. Sababu iliyotolewa ni kwamba watumiaji wa huduma hizo ni wachache. Napinga pendekezo hilo, na hasa namna hesabu yake ilivyofanywa.

Huduma ya mtaa tulivu haina msongamano, na kutokuwa na msongamano ndio uzuri wake. Watu huja mmojammoja tangu asubuhi hadi jioni: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee aliyefuata dawa zake za mwezi, mwanafunzi aliyetumwa kulipa maji. Mhesabuji akisimama kwa muda mfupi wakati watu wanakwenda kazini, ataona kituo kitupu na kuandika kwamba hakihitajiki, kwa kuwa wanaokwenda kazini mapema wengi wao wana miguu yenye nguvu na hufika barabara kuu bila shida. Wanaokitegemea kituo hicho ni wale ambao hawawezi kwenda kwingine, na saa zao si saa za ofisi. Isitoshe, mtaa ambao huduma zake zinafanya kazi hauna sababu ya kupeleka malalamiko. Naona katika pendekezo hili kwamba kimya chetu kimesomwa kama ridhaa.

Sasa nije kwenye umbali, ambao pendekezo linauita mfupi. Clarence Perry, mpangaji miji wa Marekani, alipoeleza mwaka 1929 namna kitongoji cha mji kinavyopaswa kuwa, aliweka shule na huduma za jamii katikati, pawe mahali ambapo mkazi anafika kwa mwendo wa takriban mita 400. Mita 400 ni kitu kimoja kwa kijana na kitu kingine kabisa kwa bibi yake. Taa za kuvukia barabara katika nchi nyingi zimekuwa zikipangwa kwa kudhani kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde, ilhali wazee wengi hawafikii hata mita 1. Kwa mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde, mita 400 huchukua zaidi ya dakika 8, na mita 700 zinakaribia dakika 15, kabla ya kuhesabu kusubiri kwenye kivuko, kupumzika, na kurudi na mzigo mkononi. Tena umbali ulioandikwa umepimwa kwa rula juu ya ramani. Miguu haifuati rula: inazunguka kona, inashuka ngazi, inaruka mtaro uliokosa mfuniko. Anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kushuka ngazi hizo, kwa hiyo njia yake ni ndefu zaidi.

Inashangaza kidogo kwamba tunazungumza kuvunja jambo ambalo miji mingine inalitafuta kwa gharama. Mwaka 2016 Carlos Moreno, mtaalamu wa masuala ya miji anayefanya kazi Paris, alieneza wazo la mji wa dakika 15, yaani mji ambao mkazi hupata mahitaji yake ya kila siku kwa kutembea au kuendesha baiskeli kwa muda huo, na mwaka 2020 Anne Hidalgo, aliyekuwa meya wa jiji hilo, alilibeba wazo hilo katika kampeni yake ya kuchaguliwa tena. Mitaa mikongwe ilikuwa hivyo kabla wazo halijapewa jina, kwa sababu ilijengwa wakati ambapo wengi hawakuwa na namna ya kwenda ila kutembea.

Kuhusu kuifungua njia ya ndani, nina hofu kubwa zaidi. Njia zetu ni nyembamba na nyingi hazina sehemu ya pembeni ya waenda kwa miguu. Watoto, wazee na magari machache ya wenyeji hutumia uso uleule wa barabara, na hilo linawezekana kwa kuwa hakuna mwenye haraka. Dereva anayekwepa foleni ana haraka, na siku hizi simu yake humwelekeza kwenye kila uchochoro. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa lina nishati ya mwendo inayokaribia mara 3 ya ile ya gari hilohilo likienda kilomita 30, na mwili wa mtu ndio unaoipokea. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara. Perry naye alitaka barabara kubwa zipite pembeni mwa kitongoji, zisikipasue katikati.

Nakubali hoja moja ya ofisi yako: gari la wagonjwa na la zimamoto lazima yafike. Nguzo za kufungwa kwa kufuli mdomoni mwa njia, ambazo funguo zake wanazo watu wa dharura, zinatosha kwa hilo.

Wala sisemi mtaa uachwe kama ulivyo. Mabomba ya chuma ya zamani yamepata kutu ndani hadi nafasi ya maji imesinyaa, na wa ghorofa za juu wanaamka usiku kukinga ndoo. Mitaro ya mvua ilichimbwa kabla nyua hazijasakafiwa, sasa inafurika. Taa zimewekwa juu ya matawi, zikawa zinamulika majani badala ya njia. Tunahitaji mabenchi kivulini, choo cha umma kinachofunguliwa, na mifuniko ya mitaro. Tukichimbiwa, basi tuchimbiwe mara moja, mabomba, nyaya na mitaro kwa pamoja, badala ya kila idara kuja na sururu yake baada ya mwenzake kufukia.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, hesabu ya watumiaji irudiwe kwa kutwa nzima, katikati ya wiki na pia siku ya kliniki ya wajawazito na watoto, na ieleze ni akina nani waliohesabiwa, si wangapi tu. Pili, kabla ya kutia saini, wewe au afisa utakayemteua atembee kutoka ndani ya mtaa hadi jengo jipya pamoja na mmoja wa wazee wetu, kwa mwendo wa mzee huyo, kwenda na kurudi, na muda huo uandikwe katika taarifa itakayobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa. Tuko tayari kwa siku yoyote ya kazi utakayoipanga, mradi tujulishwe mapema ili mzee ajiandae.

Wako mtiifu,

Mkazi wa mtaa mkongwe