Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Bandari, Mikoko na Sisi wa Lamu

Wanachama wenzangu, Assalamu alaikum.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na vitalu vya miche mmeviona wenyewe ufuoni. Mimi nitalisemea jambo lililorudi karibu kila kikao mwaka huu: je, chama hiki cha wavuvi na wakata boriti za mikoko kinapinga maendeleo?

Hakipingi. Bandari iliyofungua gati yake ya kwanza Mei 2021 tunataka ifanye kazi, na vijana wetu waajiriwe pale, tena si kwa kubeba mizigo tu. Tunachokataa ni kuamuliwa mambo yetu sisi hatupo. Katiba ya 2010 imetupa haki ya mazingira safi, na imeifanya sauti ya mwananchi kuwa sharti la utawala. Haki hiyo imekwisha kupimwa mahakamani, hapa hapa Lamu.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wetu, zaidi ya 4,000, walidhulumiwa na ujenzi wa bandari, ikataja fidia ya shilingi bilioni 1.76. Uchimbaji wa kuongeza kina cha bahari uliibua tope na kuharibu matumbawe, na mwenye mtumbwi na mshipi hawezi kuhamia bahari kuu kwa amri. Kisha tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi. Wengi husimulia ushindi ule kana kwamba mahakama iliyakataza makaa. Sivyo. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo juu ya ripoti ya athari kwa mazingira. Naomba tuishike sababu hiyo, kwa kuwa itatufaa hata siku mradi utakapokuwa na sura nzuri kuliko makaa.

Tena inatubana hata sisi tunaojiita wahifadhi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu yote ya umma nchini. Shida iliyosemwa ilikuwa mito kukauka na misitu ya bara kuisha, lakini marufuku ikaja mpaka kwenye mikoko yetu. Mkata boriti wa Lamu, ambaye babu yake alipakia majahazi yaliyokwenda Oman na Ghuba, akaamka hana kazi. Hakuulizwa. (Upana wa vyumba vya nyumba zetu za kale umefuata urefu wa boriti, mji huu na mikoko yake ni kitu kimoja.) Kwa maoni yangu, uhifadhi wa amri na bandari ya amri ni dhuluma ile ile, na chama kisichosema hivyo kimewaacha nusu ya wanachama wake.

Mwaka huu mazungumzo ya biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kuitunza mikoko inayofyonza hewa ya ukaa, yamepamba moto. Mfano unaotajwa ni wa Gazi, Kwale, ambako tangu 2013 wanakijiji wa Mikoko Pamoja huuza kaboni ya hekta 117 tu za mikoko, na fedha zikaleta maji na kusaidia shule. Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo wanunuzi watatufuata. Naunga mkono, lakini si kwa kufumba macho. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi, kama ilivyorekebishwa 2023, inadai makubaliano ya maendeleo na jamii, na kwa miradi ya ardhini mgao wa jamii usipungue asilimia 40 ya mapato ya mwaka, gharama zikishaondolewa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuchungwa. Nani atazihesabu gharama? Nani atamkagua? Mkataba wowote usomwe kwa Kiswahili barazani kabla ya sahihi, na haki ya kukata boriti kwa leseni iandikwe ndani yake.

Lililo karibu zaidi ni mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko, ulioanza 2017, ambao muda wake unakwisha 2027. Huo ndio unaosema wapi pakatwe, wapi papumzishwe na wapi papandwe upya. Mwaka huo huo ni wa uchaguzi mkuu, na wagombea watapita mitaani. Badala ya kuwasikiliza tu, tuwakabidhi maoni yetu yaliyoandikwa.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uteue watu watano, wawili kati yao wakata boriti na angalau mmoja mama mvuvi, waandae maoni ya chama juu ya mpango ujao. Maoni hayo yasomwe mbele ya wanachama wote na kupigiwa kura kabla hayajapelekwa kwa KFS, shirika la serikali la huduma za misitu, na kwa serikali ya kaunti.