Kwa Zuhura, kabla hujanunua bunduki

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Picha ya leseni yako ya kuwinda pronghoni kule Wyoming nimeipata, na mama yako ameshaituma kwa shangazi zako mpaka Handeni. Sasa kila mtu ananiuliza huyo pronghoni ni mnyama gani. Nimewajibu kwamba ni swala wa nyika za Marekani, ingawa kwa haki si swala. Wataalamu wanasema jamaa zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi wa kule Kongo. Katika ukoo wake mwenyewe amebaki peke yake, na gamba la pembe zake hulivua kila mwaka. Shangazi yako Mwanaidi hakutaka habari zote hizo. Alitaka kujua kama analiwa. Analiwa, anacheua na ana kwato, na nitakueleza namna.

Umeuliza ununue bunduki gani. Katika ile orodha ya muuzaji, inayozitaja bunduki kwa aina ya risasi zake, .300 Winchester Magnum iondoe kwanza. Si bunduki mbaya, na ni kweli inafika mbali. Lakini pronghoni dume ana kilo hamsini hivi, na teke la bunduki hiyo, yaani inavyokusukuma begani ukifyatua, ni zaidi ya mara mbili ya lile la 6.5 Creedmoor. Mwili wako ni wa mama yako, si wangu. Teke kali humzoesha mtu woga hata kama mwenyewe hakiri: jicho linafumba na bega linakaza kabla mlio haujatoka. Ukitaka kujua kama umeshaupata ugonjwa huo, mpe mwenzako akujazie bunduki bila wewe kuona, mara risasi ya kweli, mara risasi bandia. Ukifyatua ile bandia na mdomo wa mtutu ukainama kama unaitikia jambo, basi huo ndio woga wenyewe.

Kwa mnyama huyu .243 Winchester inatosha kabisa, .270 yangu inatosha, na 6.5 Creedmoor inatosha. Watu hubishana sana juu yake, na wazee wa .270, ambayo imekuwepo tangu 1925, watakucheka ukibeba kitu cha 2007. Waache wacheke. Mimi kwako nachagua 6.5: teke lake linavumilika, risasi zake ziko karibu kila duka, na kwa kuwa ni ndefu na nyembamba, upepo hauzisukumi kama unavyozisukuma nyingi za .243. Ila ukikuta .243 iliyotumika, safi na kwa bei nzuri, chukua wala usijute.

Kuliko namba, angalia kama bunduki inakukaa. Nyingi zimetengenezwa kwa mikono ya wanaume warefu. Weka kitako kwenye kunjo la kiwiko chako. Ncha ya kidole ikifika kwenye kifyatulio bila kunyoosha, urefu ni wako. Halafu ipandishe begani macho yamefumbwa, ulaze shavu, ndipo ufumbue. Unatakiwa uone duara lote la darubini ya juu ya bunduki bila kutafutatafuta kwa shingo. Fanya hivyo ukiwa na koti nene na mtandio utakaouvaa porini, kwa sababu mkunjo wa mtandio ukiingia kati ya shavu na bunduki, jicho linapanda na duara linapotea. Muuzaji hatakukumbusha hilo.

Darubini ya kukuza mara 3 hadi 9 inatosha. Pesa itakayobaki igawe kati ya darubini ya mkononi na risasi za mazoezi. (Kodi ya serikali kuu ya asilimia 11 kwenye risasi na bunduki za aina hii, kwa sheria ya 1937, hurudi kwenye majimbo kuhudumia wanyamapori. Ni kodi ninayoilipa bila kunung'unika.)

Bunduki yako tutaisawazisha igonge katikati kwenye yadi 200. Kwa 6.5 maana yake ni inchi mbili hivi juu ukiwa yadi 100, na kwenye yadi 300 itashuka kama inchi nane. Ikishasawazishwa, toka kwenye meza ya kulengea. Porini hakuna meza. Lala juu ya begi, keti na fimbo za kuegemeza, piga mapigo ya moyo yakiwa juu baada ya kupanda kilima. Shabaha yetu itakuwa sahani ya inchi nane, kwa sababu sehemu ya moyo na mapafu ya mnyama huyu ni ukubwa huo tu. Umbali ambao risasi zako zote zinaingia kwenye sahani, ukiwa umeketi chini na upepo unavuma, huo ndio umbali wako, na uujue kabla ya kuondoka nyumbani. Vijana watakusimulia za yadi 500. Pale Laramie upepo wa maili 20 kwa saa ni hali ya kawaida, na ukikupiga ubavuni, kwenye yadi 300 unaisukuma risasi ya 6.5 karibu futi moja. Futi moja kutoka moyoni ni tumboni.

Babu yako Handeni alikuwa na gobore. Risasi moja, kisha kushindilia baruti upya wakati nyama keshafika kijiji cha pili. Kwa hiyo kazi yake yote ilikuwa kusogea. Nataka uwinde hivyo hivyo, ingawa wewe utakuwa na chuma bora mara mia.

Kusogea kwa pronghoni kuna kazi. Macho yake makubwa yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka. Ukimwona kasimamisha manyoya meupe ya matakoni, amewaambia wenzake, na hapo habari yako imekwisha: anakimbia karibu kilomita 88 kwa saa. Kwa hiyo usimpige anayekimbia, na usipige kundi lililosongamana, maana risasi inapita kwa mmoja na kumjeruhi wa nyuma. Tafuta bonde dogo au mkondo mkavu, uingie huko asikuone, ukitambaa pale inapobidi. Glavu na vilinda magoti uwe navyo, dungusi kakati wa kule wamelala chini kwenye nyasi na miiba yake haina huruma. Kingine: wanyama hawa hawapendi kuruka seng'enge, wanapita chini. Ukikuta waya wa chini umenasa nywele nyeupe na ardhi imechimbika kwa kwato, pana njia hapo. Kaa mbali kidogo, upepo ukikupiga usoni, na usubiri.

Ardhi ni jambo la kisheria kuliko la uwindaji. Kusini mwa Wyoming, kando ya reli, mashamba ya watu na ardhi ya umma vimepangwa kama ubao wa drafti, maili kwa maili. Mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2025 iliwapa haki wawindaji waliovuka kwenye kona, pale kipande cha ardhi ya umma kinapogusana na kingine, kule Elk Mountain, lakini wewe mwaka huu usijaribu kuvuka kwenye kona. Tumia maeneo yaliyofunguliwa na idara ya wanyamapori, au upate ruhusa ya mwenye shamba kwa maandishi. Nguo moja ya juu iwe ya rangi ya chungwa kali au waridi kali. Usipige kutoka barabarani. Mnyama akianguka, lebo ya leseni ijazwe na kutiwa tarehe palepale, kabla hujamsogeza. Na yule rafiki yako wa Mombasa mwenye viza ya mwanafunzi, mwambie asishike bunduki yako hata kwa picha mpaka awe na leseni yake halali ya uwindaji. Sheria ya shirikisho kwa wenye viza ni kali, na wewe mwenye kadi ya kijani ya ukaazi usimponze.

Sasa lile swali la shangazi la kuliwa. Kabla hujafyatua, sema Bismillahi Allahu Akbar. Masheikh wengi wa leo wanaihesabu risasi kama mshale, kwa kuwa inatoboa. Nimemuuliza imamu wetu naye kasema hivyo. Ukimfikia bado ana uhai, mchinje. Kisu kikali kiwe kiunoni, si kwenye begi ndani ya gari.

Watu watakuambia nyama ya pronghoni inanuka. Miaka yote hii kwenye kiwanda cha nyama Greeley nimejifunza kwamba nyama nyingi inayosingiziwa kunuka imecheleweshwa kupoa. Nywele za mnyama huyu zina uwazi ndani, zinashika joto kama blanketi, na mwisho wa Septemba jua la mchana bado ni kali. Mtoe matumbo mara moja bila kuyatoboa, kisha mchune palepale. Kisu kiingie chini ya ngozi, makali yakitazama juu, ukate kutoka ndani kwenda nje. Ukikata kwa juu utazikata nywele, na zikishaganda kwenye nyama utazitoa mpaka usiku. Leseni yako imetaja jinsia, kwa hiyo alama ya jinsia iachwe kwenye nyama mpaka ufike nyumbani. Halafu vipande viingie kwenye mifuko safi na ndani ya madeli yenye barafu. Beba madeli mawili, na barafu uinunue asubuhi kabla ya kutoka mjini. Usimfunge juu ya gari kumtembeza mjini kama wanavyofanya wengine.

Nakuja Ijumaa baada ya zamu. Jumamosi tutaanzia dukani, halafu uwanja wa shabaha, kwa hiyo mtandio mzito uuvae tangu nyumbani, na usilipe hata senti kabla sijafika.

Wasalaam,
Baba yako