Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya: naomba spika yangu

Ndugu Afisa Utamaduni,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Nakuandikia hadharani kwa sababu ofisini kwako nimefika mara nne, na mara zote nimeambiwa uko kwenye kikao.

Mimi ni kinyozi. Siku kumi zilizopita, Jumamosi saa kumi jioni, mgambo wawili waliingia saluni wakachomoa waya na kuondoka na spika. Mteja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Walisema wametumwa na ofisi yako kwa kuwa muziki ninaopiga unapumbaza vijana. Spika ile niliinunua kwa mkopo wa kikoba, shilingi 280,000, na marejesho bado miezi mitano. Tangu siku hiyo vijana wanapita tu, hawaingii.

Ila neno hilo, kupumbaza, limeniuma kuliko spika. Mimi ni mtoto wa Tanga. Mama yangu alitukanwa wodini usiku aliojifungua mdogo wangu, akakaa na aibu yake miaka. Siku aliposikia redioni Wagosi wa Kaya, wasanii wa rap wa hapohapo Tanga, wakiwaimba wauguzi wanaowatesa wagonjwa, aliacha kupepeta mchele akasema, "Kumbe si mimi peke yangu." Jioni ile akawasimulia majirani yote yaliyompata. Huyo alipumbazwa? Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar enzi za ukoloni, alipoimba habari za Kijiti, muuaji aliyetorokea bara huku waliotoa ushahidi wakitiwa hatiani, watu wasiojua kusoma gazeti walijua mahakama ya mkoloni imetenda nini.

Sikatai, nyimbo nyingi za sasa ni mapenzi, pombe na viuno. Nazipiga, maana mteja ndiye anayechagua. Lakini kijana anayeingia kwa ajili ya hizo hukaa kwenye benchi akasikia na nyingine, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Wiki moja kabla ya mgambo kuja nilipiga "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay, wimbo wa mwaka 2001, wa mgombea anayeahidi kila kitu na watu wanaitikia tu. Dereva mmoja wa bodaboda, aliyekuwa hajazaliwa wimbo ulipotoka, akauliza, "Na sisi hapa mtaani tuliahidiwa nini?" Wakaanza kuhesabu. Mwingine akauliza taarifa ya mapato na matumizi ya mtaa, ile ya kila miezi mitatu, ilisomwa lini. Hakuna aliyekumbuka. Jumatatu wakaenda sita kuiomba, kwa adabu, wakiacha abiria wao. Jumamosi spika ikachukuliwa.

Huenda nakosea. Huenda kuna jirani aliyelalamikia kelele, ingawa sauti yangu haivuki barabara. Lakini sijaambiwa sababu nyingine, na siwezi kuacha kuziunganisha siku hizo mbili.

Nakukumbusha pia, Ndugu Afisa. Mwezi wa pili, kwenye mkutano wa hadhara uwanja wa shule, ulisimama ukaahidi kwamba ukumbi wa kata utafunguliwa kila Jumamosi kwa vijana na wasanii, na ufunguo utakaa kwa mtendaji. Nilikuwa mstari wa mbele, nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mtendaji anasema barua yako hajaiona mpaka leo. Ukumbi mlitunyima, tukakusanyika saluni, na saluni nayo mmeinyamazisha. Tuzungumzie wapi?

Mwaka 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo". Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo uendelee kupigwa. Wimbo ulioikosoa serikali uliachiwa kwa kauli ya Rais. Spika ya kinyozi inashindwaje kutoka stoo ya kata?

Kama kuna kosa, niandikiwe kosa. Kama kuna faini, nitajiwe na nipewe risiti. Ukumbi tunaweza kuusubiri, tumeuzoea kuusubiri. Ukipata nafasi Jumamosi njoo, nitakunyoa bure, uwasikilize hao vijana kwa masikio yako. Lakini spika kwanza, Ndugu Afisa. Marejesho ya kikoba ni tarehe 5. Naomba spika yangu.

Wako,
Kinyozi wa mlango wa bluu, mkabala na kisima