Pima Mita 60 Kwanza

Kilindoni, Mafia

Ndugu yangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Picha ya karatasi ya dalali anayetaka kukuuzia shamba kisiwani Juani nimeipata: "eka moja ya ufukweni, Juani, hatua 70 kwa 70, ina minazi 40." Usitume hata kishika uchumba kwanza.

Tuanze na hesabu. Eka ya kweli ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye ubavu wa mita 63 na nusu hivi, na hatua 70 za mtu wa kawaida huishia hapohapo. Sasa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Toa 60 kwenye 63 na nusu. Unabaki na ukanda wa mita tatu na nusu nyuma kabisa ya shamba, hata banda la kuku ni taabu. Kwa ukubwa dalali hakukudanganya; alichonyamazia ni kwamba eka hiyo ni ya kukaa chini ya mnazi na kutazama mashua. Kama unataka nyumba, tafuta shamba linaloingia ndani mita 100 au zaidi kutoka pwani, hata likiwa na upana wa mita 30 tu.

Tena upimie kutoka pale maji ya bamvua, yale yanayopanda juu kuliko yote, yanapofika. Ukija siku za maji mafu, yasiyopanda sana, utauona ufukwe mpana, utajiona tajiri. Njoo siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, utafute mstari wa majani ya bahari na takataka, ndio uweke mkanda hapo. Tazama na minazi ya mbele: ikiwa mizizi iko nje na shina limelalia baharini, pwani hiyo inaliwa, na mita 60 za leo hazitakuwa 60 baada ya misimu michache ya upepo wa kusi.

Sasa hiyo minazi 40. Huku mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na minazi kumi ndani ya shamba la ukoo, akairithisha, akaiuza au akaiweka rehani, na ardhi isihame. Ukisaini karatasi inayosema "nimemuuzia minazi 40", umenunua nazi. Mkataba utaje ardhi yenyewe, mipaka yake minne na majirani wanne kwa majina, wote watie saini, kisha miti iorodheshwe na mwenye kila mti. Ikibainika kwamba minazi sita ni ya shangazi yake muuzaji aliyeko Temeke, shangazi naye asaini au miti yake itengwe.

Palipo na minazi ya zamani pana mirathi isiyogawanywa, na kesi nyingi huzaliwa hapo: kaka mmoja anauza, dada zake wenye mafungu yao wanasikia baadaye. Dai barua ya msimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kama muuzaji ana mke, mke asaini, na kama ana wawili wasaini wote wawili. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Hilo liko kwenye Sheria ya Ndoa tangu 1971.

Kijijini usiridhike na muhuri wa mwenyekiti. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji iko mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji, wajumbe 15 hadi 25, nayo haiwezi kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Mkutano huo wa kawaida hukaa kila miezi mitatu, kwa hiyo dalali akikwambia "wiki mbili tumemaliza", muulize mkutano ni lini. Mwone mtendaji wa kijiji, omba kuona mpango wa matumizi bora ya ardhi, halafu uchukue nakala ya muhtasari wenye ajenda inayotaja jina lako na eneo lako. Mwisho wa njia hiyo ni hati ya hakimiliki ya kimila. Ukitaka hati ya miaka 33, 66 au 99, lazima ardhi ihawilishwe kwanza kutoka ya kijiji kwenda ya jumla, na mamlaka hayo ni ya Rais. Na yule mshirika wako wa Ujerumani usimfichie ardhi ndani ya jina lako. Mgeni hupata ardhi kwa uwekezaji tu, kwa njia yake rasmi.

Juani iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyotangazwa 1995, kilomita za mraba 822. Vijiji vilibaki ndani na watu wake, ila ujenzi una macho mengi. Kabla ya kulipa, nenda ofisi ya hifadhi pale Utende na ramani yenye nukta za GPS, uulize kwa maandishi nini kinaruhusiwa hapo. Ukifikiria vyumba vya wageni, ingiza kwenye bajeti tathmini ya athari kwa mazingira na cheti chake. Shamba likiwa karibu na magofu ya Kua, waulize na watu wa Mambo ya Kale. Upande wa mashariki kasa hupanda kutaga, kwa hiyo taa za kuelekea baharini usizipange. Watoto wa kasa hufuata mwanga wakapotelea nchi kavu.

Usitegemee kuchimba matumbawe, kuchota mchanga wa pwani wala kukata boriti za mikoko. Huo mchanga hata ukiachiwa usiutake, chumvi yake inakula nondo na zege linapasuka kutoka ndani. Saruji basi inatoka bara: lori hadi Nyamisati, chombo hadi Kilindoni, gari hadi Utende, mashua hadi Juani, kisha kichwani. Mfuko wa kilo 50 unapakiwa na kushushwa mara nne kabla haujafunguliwa, na maji yakitoka mashua inakwama mbali. Panga siku za kushusha kwa kalenda ya maji.

Maji ya kunywa: onja kisima mwishoni mwa kiangazi, si masika. Ezeka bati upande mmoja hata kama unapenda makuti. Bati la mita za mraba 80 na mvua ya milimita 30 ni lita 2,400. Toa moja ya tano kwa kuosha paa na kumwagika. Tangi la lita 10,000 likijaa linawatosha watu wanne siku 125, kila mtu lita 20 kwa siku.

Mwambie dalali akutumie vitu vitatu: nukta za GPS za pembe nne, barua ya msimamizi wa mirathi, na tarehe ya Mkutano Mkuu ujao. Akikuletea, nijulishe, tutapanga siku ya bamvua uje na mkanda wa mita 100.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Mbaraka